Dada Mkubwa Yuko Wapi?

Matisi, Kitale
3 Februari 2025

Mwalimu wangu Edinah,

Mulembe. Natumai barua hii itakukuta na afya, na miwani yako usoni, si kwenye chungu cha unga kama mara ile. Najua masikio yako na simu hayapatani tena, nami sina nia ya kupiga kelele mpaka wapangaji wote wa Matisi wajue habari zetu. Kwa hivyo tuendelee na karatasi. Hii naituma na gari la vifurushi. Binti yako Jentrix ataichukua hapo Chwele akienda kupanga vitunguu vyake.

Mimi sasa ni mwandishi mkuu. Usicheke. Unakumbuka nilipoanza kazi hii, ukaniuliza gemu inaandikwaje ilhali watu huibonyeza tu? Wakati huo nilikuwa naandika maneno ya muuza panga mmoja. Salamu arobaini tofauti, ili mchezaji akipita kwake mara arobaini asichoke. Baadaye nikapewa wachawi, kisha wafalme. Sasa kampuni, ile iliyo Ulaya kwenye theluji, imenikabidhi gemu nzima niiandike nikiwa papa hapa, juu ya duka la dawa za ng'ombe. Naiandika kwa Kiswahili, wao wanatafsiri. Inaitwa Ukoo wa Mto.

Katika nchi ya gemu hiyo milango haina ufunguo. Inafunguliwa kwa majina. Nimetumia mila ya kwetu Wakikuyu: binti wa kwanza huitwa jina la mama ya baba, wa pili jina la mama ya mama. Mchezaji akijua majina ya mabibi, anajua nani alizaliwa kabla ya nani, akiyataja kwa mpangilio mlango unafunguka. Wazungu wameipenda mpaka wanataka kujua bibi zao waliitwa nani. Na kwa uvivu wangu sikutunga ukoo wa shujaa, nilichukua wa kwetu: baba Gicheru, mama Rosaline, shosho Wakiuru wa upande wa baba, shosho Nyaruai wa upande wa mama. Shujaa ni mimi. Ukubwa una raha zake.

Sasa sikia. Tuna kijana Nairobi anaitwa Kevin, kazi yake ni kucheza gemu akitafuta makosa. Jana ameniletea hili: "Hitilafu namba 212. Binti wa kwanza ana jina la mama ya mama. Kwa kanuni zenu wenyewe, huyu ni wa pili. Dada mkubwa yuko wapi?"

Nilitaka kumjibu kwa hasira, kisha nikakumbuka jambo. Nikiwa mtoto niliambiwa shosho Wakiuru alikosana na mama nikiwa tumboni, ndipo jina lake likarukwa. Nikampigia mama huko Moi's Bridge, nikamsomea swali la Kevin, nikamwuliza walikosana nini. Akaniuliza kama nimekula.

Basi nimeamua kumzaa dada huyo mwenyewe. Ataitwa Wakiuru. Hata sura ninayo: nitamfanya kama Jentrix. Si wanawake wa soko walikuwa wakituuliza kama tumetoka tumbo moja, kila nilipokuja kwako likizo fupi? Kurasa za kwanza zimo humu. Kalamu nyekundu ni yako, kama darasa la sita.

Mwanafunzi wako msumbufu,
Nyaruai


Chwele, Bungoma
9 Februari 2025

Mwanangu Nyaruai,

Hongera. Nimelisoma neno "mkuu" mara mbili nikaona fahari, ingawa aliye mkuu hapaswi kuandika "mlango ulifunguka" mara tano katika ukurasa mmoja. Nimekuzungushia kwa kalamu nyekundu.

Jentrix anakusalimu. Vitunguu ni vingi msimu huu, na wanunuzi wanajifanya hawavioni.

Kuhusu dada mkubwa, ushauri wangu ni huu: mwache. Ondoa kanuni yenyewe. Sema tu kwamba katika nchi yako ya mto kila mtu anaitwa anavyopenda mzazi. Mila hubadilika, na mchezo ni mchezo. Kijana Kevin akipiga kelele mwambie mwalimu wako amesema. Hadithi yako ina watu wa kutosha, ukiongeza mwingine utashindwa kumlisha.

Na mama yako usimsumbue kwa maswali ya zamani. Wahenga walisema usimwamshe aliyelala, utalala wewe. Amelea peke yake tangu baba yako afariki, anastahili kupumzika.

Narudisha kurasa zako. Zile mbili za mwisho, za huyo Wakiuru, sikuziweka alama. Macho yalichoka.

Wako mwalimu,
Edinah


Matisi, Kitale
14 Februari 2025

Mwalimu,

Kanuni siwezi kuiondoa. Milango mia moja na kumi na minane inategemea majina. Nikiyagusa, gemu nzima inakuwa nyumba iliyong'olewa nguzo. Na zaidi ya hayo, jambo limetokea ambalo bado siliamini.

Mama amekuja Matisi! Mama yangu, ambaye kwa miaka sita akiulizwa kazi yangu kanisani anajibu "anaandika vitu vya kompyuta" kisha anabadilisha mazungumzo. Amefika juzi na kuku mmoja na unga wa mahindi, akaketi kando ya meza yangu, akasema nimwonyeshe huyo mtoto niliyemuuliza juu yake. Nikamwonyesha. Nikamweleza sijui dada alipotea vipi, labda nimzamishe Nzoia. Mama akakataa katakata. "Sio mto," akasema. "Andika nikuambie."

Mwalimu, mama alinisomea kama mtu anayesoma ukutani. Kulikuwa na vita. Mama ya mtoto alikuwa ameenda kumwuguza mama yake mzazi, akamwacha mtoto wa miaka miwili kwa jirani mwema. Moto ukaja siku hiyo. Jirani akakimbia naye kwao. Miezi ikapita, mama akatuma kuuliza, akapata barua ya mistari minne: mtoto amekufa kwa surua, amezikwa, pole. Mama akasafiri kwenda kuona kaburi. Akaonyeshwa. "Na hapa," mama akaniambia, "usisahau kuandika kwamba majani ya kaburi yalikuwa ya zamani."

Nilimwuliza anamaanisha nini. Akasema mwenye kujua atajua. Kisha akauliza, kana kwamba anauliza bei ya nyanya, kama kurasa hizi pia nitazipeleka kwa mwalimu wa Chwele. Nikamwambia ndiyo, kama kawaida. Akaanza kunyonyoa kuku.

Kumbe kipaji nimekirithi! Noah, mhariri wangu wa kule Ulaya, amesoma tafsiri akasema ndiyo sehemu bora ya gemu. Anataka mchezaji afike kaburini na shujaa alie. Kwa hivyo Wakiuru amekufa rasmi. Sauti zinarekodiwa Ijumaa, tarehe saba Machi, na zikirekodiwa hakuna kubadilisha hata koma. Kurasa zimo. Weka wekundu wako.

Nyaruai


Chwele
18 Februari 2025

Nyaruai,

Usimwandike amekufa.

Nakuomba kama mtu niliyekushika mkono kuandika insha. Sikuweka alama yoyote, hakuna kosa katika kurasa hizi. Andika kitu kingine chochote. Andika alisafiri. Usimuue mtoto huyo.

Mama yako alisema majani ya zamani, kwa maneno hayo hayo?

E.


Chwele soko
20 Februari 2025

Nyaruai,

Niaje. Ni mimi Jentrix, usishtuke kuona mwandiko wa kuku. Naandika kwa sababu credit nimemaliza na pia kwa sababu hii maneno sitaki kusema nikiwa sokoni watu wakisikiliza.

Ulimwandikia Mama nini bana? Tangu hiyo bahasha yako ya pili ifike hali ugali, anakunywa chai ya rangi tu. Jumapili hakuenda kanisa, na wewe unamjua, huyo hata mafua haimzuii. Jana nimempata amekaa kule nyuma kwa kale kakaburi ka mtoto wake, kale anapaliliaga kila Disemba. Nikamuuliza nini mbaya, akasema jua. Na kulikuwa na mawingu.

Nilipata karatasi zako chini ya godoro lake. Nilisoma ukurasa moja nikaacha, mimi hizo story za watu kufa siwezi. Sasa nakuuliza kama dada: hiyo gemu yako inaua watu wa huku nje pia? Kama ni maneno umemkosea, kuja umwombe msamaha. Kama ni ugonjwa, niambie nimpeleke Bungoma.

Jentrix


Matisi, Kitale
23 Februari 2025

Mwalimu,

Jentrix ameniandikia na nimeogopa. Kama nimegusa kidonda cha mtoto wako uliyemzika, nisamehe. Nilijua kaburi hilo lipo nyuma ya nyumba, lakini vidole vilipokuwa vikipiga chapa sikulikumbuka. Aibu imenishika.

Lakini kuna jambo silielewi, na wewe ndiwe uliyenifundisha kuuliza mpaka jibu lifanane na swali. Nilimpigia mama nikamsomea barua yako fupi. Alinisikiliza, akaniambia nirudie mahali uliposema "usimuue mtoto huyo". Nikarudia. Akasema "Asante Yesu," akakata simu. Nilimpigia tena mara tatu, hakushika.

Zimebaki siku kumi na mbili. Sitabishana nawe tena. Niambie wewe: Wakiuru yuko hai au amekufa? Nitaandika utakavyosema.

Nyaruai


Chwele
25 Februari 2025

Nyaruai,

Yuko hai. Nimempa barua hii aitume.

Soma polepole. Nimeichana mara nne.

Mwaka wa tisini na mbili nilikuwa nikifundisha shule ya msingi upande wa mlima. Wazazi wako walikuwa majirani zangu. Mama yako na mimi tulikopeshana chumvi, tukasukana nywele. Nilikuwa na mume, na nilikuwa nimezika binti yangu wa pekee, Jentrix, hapa nyumbani Chwele, mwaka mmoja na nusu kabla. Mama yako alikwenda Moi's Bridge kumwuguza nyanya yako, akaniachia Wakiuru. Alijua nampenda. Moto ulipokuja nilimfunga mgongoni nikatembea na wenzangu kuelekea Chwele. Vijana wenye panga walitusimamisha njiani. Walikuwa wakiwatafuta Wakikuyu, na mmoja akauliza huyu ni mtoto wa nani. Nikasema ni wangu, anaitwa Jentrix. Neno lile lilimwokoa, na hilo nitamwambia Mungu bila aibu.

Lililofuata sina la kumwambia. Miezi saba mama yako hakujua tulipo. Mtoto alisahau Kikuyu chake. Alianza kuniita mama. Barua ya Rosaline ilipofika kupitia kanisani, nilikuwa nimemwogesha, amelala. Niliketi nikaandika ile mistari minne. Alipokuja kuona kaburi, nilimpeleka mtoto kwa dada yangu, nikamwonyesha mama yako kaburi la binti yangu mwenyewe. Ndiyo maana majani yalikuwa ya zamani. Miaka thelathini na zaidi nilidhani hakuyaona.

Kisha mwaka mmoja naita majina ya wanafunzi wapya wa bweni, nakutana na Nyaruai binti Gicheru, mzazi Rosaline, Moi's Bridge. Nilifunga daftari la majina nikatoka nje. Nilidhani ni Mungu amekutuma kunihukumu. Nikakupenda badala yake, na kila likizo fupi nikakualika nyumbani, ili angalau mjuane. Ndivyo mwizi anavyorudisha ng'ombe, mkia kwanza.

Jentrix hajui chochote. Wewe ndiwe wa kwanza kuambiwa. Mume wangu alikufa nalo.

Sina haki ya kukuomba kitu.

Edinah


Moi's Bridge
28 Februari 2025

Kwa Edinah,

Sijui nikuite nani, kwa hivyo nimeacha.

Barua yako niliisomea kwenye duka la vifurushi, nimesimama. Mwenye duka alinipa kiti na maji. Maji niliyamwaga kwenye karatasi, ndiyo maana nimelazimika kuikausha kabla ya kumpelekea mama. Nilifundishwa na wewe maana ya neno "uaminifu". Uliliandika ubaoni, tukalinakili. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na dada yangu alikuwa jikoni kwako akitupikia maharagwe.

Nimechukia, na uniache nichukie.

Nilifika kwa mama nikiwa nimepanga maneno ya kumpasulia taratibu. Nilisema, "Mama, keti." Akasema ameketi tangu mwaka wa tisini na mbili. Alijua! Alikuwa akijua muda wote huo. Mimi ninayelipwa kupanga siri za watu wa kubuni, nimelelewa ndani ya siri nisiione. Nilimwuliza mbona basi hakuniambia, na kwa nini nikapewa jina la shosho Nyaruai ilhali waliamini Wakiuru amekufa. Kwetu mtoto akifa, jina humrudia anayefuata. Baba na wazee wote walitaka niitwe Wakiuru.

Mama akaniambia: "Walitaka. Mimi nikasema la wa kwanza lina mwenyewe."

Kevin alikuwa na haki. Mimi ni wa pili.

Mama amekuandikia mwenyewe, imo ndani ya bahasha hii. Sijaisoma.

Nyaruai


Moi's Bridge
28 Februari 2025

Edinah,

Mimi si mwandishi. Nitasema kidogo.

Majani niliyaona siku ile ile. Mzee wangu alisema ni uchungu unanisumbua, na mchungaji akasema nikubali. Sikuwa na ushahidi, na watu wa kwetu na wa kwenu walikuwa hawajaanza kusalimiana vizuri. Nikanyamaza, lakini kukubali sikukubali. Unadhani kwa nini nilimpeleka Nyaruai bweni Bungoma, ilhali Kitale kuna shule tele? Nilisikia unafundisha pale. Nilituma mtoto mmoja akamtafute mwingine, bila kumwambia anatafuta. Alirudi likizo na picha mliyopiga nyumbani kwako. Katikati amesimama msichana mwenye paji la uso la mama mkwe wangu. Niliiweka picha ndani ya Biblia nikalia wiki nzima, mzee akidhani ni jino.

Nilitaka kuja kumchukua. Lakini alikuwa na miaka kumi na sita, amenenepa, anacheka, amekushika bega. Nikaogopa. Ningemwambia nini, na angenichagua mimi? Nilikuwa mwoga, hilo ni langu.

Nimekuja Chwele siku ya soko mara tatu. Nimenunua vitunguu kwake. Ananiita mathe, yaani mama kwa lugha ya vijana, na kila mara ananiongezea viwili.

Ningekaa hivyo mpaka kufa. Lakini Nyaruai aliponiambia anataka kumzamisha mtoni ili kitabu cha kompyuta kikamilike, nilishindwa. Kuandikwa amekufa mara moja nilivumilia. Mara ya pili, na mdogo wake mwenyewe, hapana. Ndipo nikakutumia majani.

Ulimbeba siku ya moto. Hilo sitalisahau. Lingine pia sitalisahau.

Jumatatu nakuja. Kabla sijafika, mwambie. Kwa mdomo wako, si kwa karatasi. Barua moja ilitosha.

Rosaline, mama Wakiuru


Chwele
5 Machi 2025

Nyaruai,

Mama alinieleza Jumapili jioni. Ilibidi arudie mara mbili, si ati sikusikia. Jumatatu nikaamka nikapanga vitunguu kama kawaida, kwa sababu mikono haikujua kitu ingine ya kufanya. Nikaona yule mathe wa Moi's Bridge anakuja, yule huchagua kitunguu moja moja kama mayai. Nikajua kabla afike. Alisimama mbele ya gunia. Hakuniita jina yoyote. Nikampimia, nikamwongezea viwili, halafu nikashindwa kuachilia mfuko. Yeye pia hakuuvuta. Tulisimama hivyo tumeushika sote wawili mpaka mama muuza nyanya akauliza kama tunapigana.

Alienda nyumbani akamsalimia Mama kwa mkono. Walikaa viti viwili, hakuna aliyekunywa chai. Mimi nilienda nyuma nikaangalia ile kaburi. Kumbe huyo mtoto ndiye mwenye jina yangu. Nimeitumia miaka thelathini na tatu bila kumwambia asante.

Nimekasirika na Mama sana. Bado nimempikia uji, nani mwingine atampikia?

Kikaratasi chako nimepata. Unasema Ijumaa mnarekodi sauti, umemfanya dada awe hai, na unataka kujua kutoka kwangu atasema nini shujaa akimpata. Watu wako wanangoja.

Usimpe maneno. Mwambie huyo mwenye kurekodi afungue mashine, na dada asimame tu hapo anyamaze. Mimi nimejaribu siku tatu na hakuna kitu imetoka.

Kuja wikendi. Usibebe karatasi.

Hapa chini ndio mahali pa sahihi. Nimeandika moja nikafuta, nikaandika ingine nikafuta. Nimepaacha wazi, wewe unajua ni nani.